Mama Dakika Nne na Siku Zake Zilizozidi

Tarehe thelathini na moja Januari, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu cha kusikiliza nyota, Mwangalizi Mkuu wa Dishi anastaafu rasmi. Nasema rasmi kwa sababu mwenyewe ameshaondoka. Hajakikalia kiti chake tangu mwanzoni mwa mwezi huu, na wafanyakazi wapya wameanza kuulizana chini chini kama aligombana na mtu. Hakugombana. Au tuseme aligombana kidogo, kwa adabu, na akashinda. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa jarida letu na kuusoma hapa leo kwa sababu nimekuwa dereva wake kwa miaka kumi na tisa, na Mkurugenzi anasema hakuna mtu aliyezungumza naye sana kuliko mimi. Hapo naomba kusahihisha: mimi nilikuwa nasikiliza. Gari likiwa mwendoni mtu hana pa kukimbilia.

Humu kituoni hakuna anayemwita kwa cheo chake. Ni Mama Dakika Nne tu, kuanzia getini mpaka ofisi kuu. Kwa wageni waliokuja kwenye sherehe na hawajui jina hilo limetoka wapi, inabidi nieleze kwanza kazi yenyewe, maana bila kuielewa kazi hamtaelewa kwa nini tumekula keki leo ya mtu aliyeondoka tangu mwanzoni mwa mwezi, wala kwa nini Bibi Utumishi, afisa wetu wa utumishi, anajifuta macho pale mstari wa mbele.

Dishi letu limelala chali, linatazama juu moja kwa moja, wala halizunguki. Kazi yake ni nyota moja tu, nyota ambayo macho hayaioni lakini inatoa mawimbi kama ya redio, na mawimbi hayo hupanda na kushuka taratibu mwaka hadi mwaka. Dishi haliifuati nyota. Dunia inavyojizungusha ndiyo inayotuleta chini yake, mara moja kwa kila mzunguko. Mwangalizi hufika saa mbili kabla, anawasha mitambo ipate joto, anaipima, nyota inapita na kurekodiwa, kisha anabaki saa mbili nyingine kukagua na kufunga. Ikipita bila kurekodiwa, basi, imekwenda zake. Hakuna wa kumwomba airudie.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Nyota hiyo haipiti saa ile ile kila siku. Leo ikipita saa mbili, kesho itapita dakika nne kabla ya saa mbili, keshokutwa dakika nane, na kuendelea hivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba: mwezi ukiisha imekula saa mbili nzima, na mwaka ukiisha imezunguka mchana na usiku wote na kurudi pale pale ilipoanzia. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na mmoja mama huyu ameingia kazini kila siku dakika nne mapema kuliko jana yake. Oktoba anaingia adhuhuri. Julai anaingia magharibi. Januari anaingia alfajiri, wakati jogoo wenyewe bado wanajadiliana.

Mtaani kwake walihangaika sana kumwelewa. Kuna waliosema ana kazi tatu. Kuna waliosema ni mkunga. Muuza duka wa jirani, ambaye hufungua mapema na kufunga kwa kuchelewa ili asipitwe na jambo, alifikia hitimisho kwamba mama amefukuzwa kazi karibu kila mwezi na kila mara akapata nyingine, na alikuwa anamwonea huruma kwa dhati.

Mimi nilipopangiwa kumwendesha sikuwa na huruma yoyote. Siku ya kwanza aliniambia nifike kwake saa kumi. Siku ya pili akasema saa kumi kasoro dakika nne. Siku ya tatu kasoro nane. Nikasema moyoni, huyu ni mama wa roho juu, anataka kunijaribu. Nikaamua kufika saa kumi kamili kila siku nione atafanya nini. Kila siku nilimkuta amesimama getini kwake, na kila siku uso wake ulikuwa mrefu kidogo kuliko jana yake. Wiki ilipoisha nilikuwa nachelewa karibu nusu saa, naye akanisemesha maneno ambayo jarida la wafanyakazi haliwezi kuyachapisha. Nikamjibu kwamba saa yangu haina kosa. Akasema kweli haina kosa, ila ni saa ya jua, na sisi hatufanyi kazi kwenye jua.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nikauliza. Kujibu kwa mdomo tu haikuwa tabia yake. Alinishusha uwanja wa magari, akanisimamisha kando ya pipa la maji, akaniambia pipa ndilo jua na mnara wa simu ulio mbali kule kilimani ndio nyota. Nitembee kulizunguka pipa huku najizungusha mwenyewe kama pia ya watoto, nihesabu mara ngapi uso wangu unaelekea pipa, na yeye atahesabu mara ngapi unaelekea mnara. Nilizunguka. Nilikaa chini mara mbili kwa kizunguzungu, na mlinzi wa getini akatoka kuuliza kama dereva amelewa. Lakini hesabu zilipokamilika, mimi nilikuwa na tano na yeye alikuwa na sita. Tukarudia, mimi nane na yeye tisa. Kila mara mnara ulinizidi pipa kwa moja.

Jamani, sikulala vizuri siku ile, nikiwaza. Kumbe dunia inapojizungusha huku inalizunguka jua, ikimaliza mzunguko mmoja mbele ya nyota huwa bado haijaelekea jua sawasawa, kwa sababu imeshasogea njiani. Lazima ijisukume kidogo zaidi ndipo jua lirudi mahali pake. Kule kujisukuma ndiko dakika nne. Siku ya nyota ni fupi kuliko siku ya jua kwa dakika hizo, na zikijikusanya mwaka mzima zinatengeneza siku moja kamili. Kalenda ya ukutani ikihesabu siku mia tatu sitini na tano, nyota zimehesabu mia tatu sitini na sita. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo hapa duniani na hakuna aliyenidokeza.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wa kiti cha mbele. Alinifundisha kubadili saa za kawaida kuwa saa za nyota bila karatasi. Unachukua saa ya nyota ilivyokuwa usiku wa manane, unajumlisha saa zilizopita tangu hapo, na kila saa moja unaiongezea sekunde kumi kasoro kidogo, kwa sababu saa ya nyota inakwenda haraka. Ukivuka ishirini na nne, unatoa ishirini na nne. Kinachotukwamisha wengi ni mazoea yetu: sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na hesabu ya nyota inaanzia manane. Ukimwambia sasa ni saa tatu asubuhi anaongeza sita kwanza, ndipo anaanza. Fundi mitambo wetu, binti hodari ambaye sasa amerithi kiti chake, alijifunza yote vizuri, isipokuwa wiki yake ya kwanza alizipeleka dakika nne upande usio wao. Kila siku akaja dakika nne baadaye. Siku ya tano nyota ikamkuta bado anahangaika kuipima mitambo. Leo anacheka, lakini siku ile alilia.

Na wale waliokuwepo hawawezi kusahau habari ya mpishi. Ofisini kwa Mama Dakika Nne kuna saa ya ukutani ya zamani, ya timazi inayobembea, ambayo aliirekebisha mwenyewe iende kwa saa za nyota. Ukiitazama tu ni saa kama saa nyingine. Mwaka mmoja mwishoni mwa Septemba aliajiriwa mpishi mgeni, na dirisha la jiko lilikuwa linatazamana na ofisi hiyo. Ikatokea kwamba mwishoni mwa Septemba ndiyo majira ambayo saa ya nyota na saa ya kawaida hukaribiana. Mpishi akalinganisha, akaona ziko sawa, akaifanya ndiyo saa yake. Wiki ya kwanza tulikula mapema kidogo, tukamsifu kwa bidii. Wiki ya tatu chakula cha mchana kilikuwa mezani saa tano na nusu. Hakuna aliyelalamika hata mmoja, jambo linaloonyesha tulivyo. Aliyegundua ni Bibi Utumishi, aliyekuja saa sita kamili kurudisha kikombe chake cha chai ya saa nne akakuta sahani za mchana zinaoshwa.

Naandika haya kwa furaha, lakini kuna jambo moja mama mwenyewe hakuwahi kulisimulia kwa furaha, na ameniruhusu niliseme.

Kwa kuwa nyota hurudi pale pale kila mwaka, tarehe ile ile humkuta kwenye zamu ile ile, bila huruma. Mtu wa zamu za kawaida mwaka huu atakosa sikukuu, mwakani ataipata. Yeye hapana. Alichokikosa mara moja alikikosa kila mwaka. Shule hufunguliwa siku zile zile za Januari, na kengele ya kwanza hulia saa moja na nusu asubuhi. Nyota yetu hupita juu ya dishi siku hizo saa moja na nusu asubuhi. Ana mtoto mmoja tu, binti, na hakuwahi kumpeleka shule siku ya kufungua, si darasa la kwanza, si darasa lolote. Aliyempeleka ni baba yake, fundi cherehani, aliyekuwa akimaliza kushona sare alfajiri ile ile, nusura aipige pasi ikiwa mwilini mwa mtoto.

Mtauliza kwa nini hakuomba ruhusa. Likizo zetu sote huwa Agosti, dishi linapofanyiwa matengenezo, na miaka ile alikuwa peke yake kwenye mitambo. Lakini ukweli ni kwamba aliomba, na akakubaliwa. Binti alipokuwa anaanza darasa la kwanza, mkurugenzi wa wakati ule alimwambia aende tu, pengo moja halitaangusha mbingu. Alfajiri ile alivaa viatu vya kwenda shule. Alipofika getini kwake aliwaza ule mfululizo wa rekodi ambao, ukiondoa Agosti za matengenezo, haujakatika hata mara moja tangu auanze, akawaza pengo ambalo halitazibika milele, na miguu ikampeleka kazini. Nyota ilirekodiwa vizuri sana siku hiyo. Aliniambia kwamba aliporudi nyumbani binti alimsalimia kama kawaida, akala, wala hakuuliza kitu, na kule kutokuuliza ndiko kulikomkaa kifuani. Aliona aibu. Hakuwahi kulizungumza na mwanawe, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuanza.

Binti amekua, ni mama wa watu sasa, mcheshi kuliko mama yake. Akija kituoni hujitambulisha kwa wageni kuwa yeye ni mtoto wa pili. Dada yake mkubwa ni ile nyota, yuko juu angani na ndiye kipenzi cha mama. Watu hucheka. Mama Dakika Nne naye hucheka, halafu hutafuta kitu cha kufuta vumbi.

Mwaka jana katikati alikuja garini hana raha. Mjukuu wake wa pekee, mtoto wa huyo binti, anaanza darasa la kwanza Januari hii. Yeye anastaafu tarehe thelathini na moja Januari. Yaani siku ya kufungua shule itamkuta, kwa mara ya mwisho, kwenye kiti kile kile saa ile ile. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hii ya sasa hataki kuikosa, na kwamba akiikosa hataweza tena kumtazama mwanawe usoni. Nikamwambia achukue ruhusa ya siku moja. Akasema ameshauliza: kanuni inasema mwezi wa mwisho ni wa makabidhiano, hakuna ruhusa, ila mtu anayedai siku za mapumziko anaweza kuzichukua mfululizo mpaka tarehe yake ya mwisho. Na yeye hadai hata moja. Kufikia siku ya shule alihitaji zaidi ya ishirini.

Tulifika karibu na daraja. Kisha mashine ya alama za vidole ikamjia kichwani.

Mashine hiyo imewekwa getini miaka tisa iliyopita. Unaweka kidole, inakukaribisha. Sasa mwanzoni mwa Aprili, zamu yake inapokuwa inateleza kutoka upande mmoja wa usiku wa manane kwenda upande mwingine, kuna tarehe moja ambayo anaingia kazini mara mbili. Anaingia usiku wa manane ukiwa umepita kidogo tu, anamaliza, anarudi nyumbani, na tarehe hiyo hiyo, kabla haijaisha, anaingia tena. Nyumbani kwake wanaiita siku ya kwenda mara mbili, na mumewe huiandalia uji maalumu. Kila Aprili mashine humkatalia ile mara ya pili. Inasema umeshaingia leo, inapiga kelele, na mlinzi anamfungulia kwa mkono. Miaka tisa amekuwa akiitukana ile mashine. Siku ile garini akanishika bega nusura tuingie mtaroni. Kama zamu ni moja kwa siku, na kila mwaka kuna tarehe moja yenye zamu mbili, basi kila mwaka amefanya kazi siku moja ambayo haikuhesabiwa. Lile pipa la uwanjani! Mimi nane, yeye tisa.

Alikwenda kwa Bibi Utumishi asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimemsindikiza, na kwa bahati mbaya mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Bibi Utumishi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba yeye anamheshimu kama dada yake, ila serikali inalipa kwa jua. Nyota hazina sanduku la posta. Mama Dakika Nne akamjibu kwamba haombi kulipwa na nyota. Anaomba ahesabiwe zamu mbili alizofanya katika tarehe moja ya kalenda hii hii ya serikali iliyoning'inia nyuma ya kiti cha mheshimiwa.

Bibi Utumishi si mtu mbaya, ni mtu wa kuthibitisha. Aliifungua kumbukumbu ya mashine, akakuta kweli, kila Aprili kidole kile kile kimekataliwa. Akakubali siku tisa. Kanuni ya zamu mbili katika siku moja ipo, alisema, na aliyefanya anastahili kupumzika. Lakini miaka ya kabla ya mashine hana ushahidi, na bila ushahidi mikono yake imefungwa. Siku tisa zilitosha kumfikisha kwenye wiki ya tatu ya shule. Mama alirudi garini akasema ashukuriwe Mungu, siku tisa ni siku tisa. Sauti haikukubaliana na maneno.

Mkurugenzi alisikia habari hiyo kwenye meza ya chakula, na nadhani mwanzoni alicheka kwa sababu ni mtu wa nyota na alishangaa kwamba hakuwahi kuliwaza. Kisha akaacha kucheka. Yeye ndiye anayeandika ripoti za ile nyota, na kila mwaka idadi ya mapito aliyoripoti ilikuwa imeizidi idadi ya tarehe za kazi kwa moja. Ameichapa hivyo yeye mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na dunia nzima ya wasikiliza nyota imeisoma. Rekodi zote zipo stoo, alimwambia Bibi Utumishi, kila pito na saa yake. Aende ahesabu.

Alikwenda kweli, na hakukubali kusaidiwa. Alivaa kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, akafundishwa na fundi mitambo namna ya kubadili saa za nyota kuwa saa za kawaida ili kila pito alirudishie tarehe na saa aliyoingia mama, saa mbili kabla yake, akajifungia. Siku ya kwanza alitoka amenuna, hesabu imemkatalia. Alikuwa amesahau ile sita yetu. Siku ya pili alichelewa kutoka. Siku ya tatu alikuja jikoni amebeba chungwa na limau, akamsimamisha mpishi katikati ya kazi, akaanza kulizungusha limau kando ya chungwa na kumuuliza kama anaona, kama anaona ile pembe iliyobaki, hiyo ndiyo dakika nne! Mpishi alisema anaona. Tangu siku hiyo hakuna mgeni anayefika ofisini kwake akaondoka bila kuelezwa. Kwa taarifa yenu, ameshaanza kuwaeleza hata watu waliokuja kuuza dawa za panya.

Alizipata siku ishirini na tisa. Aprili moja mama alikuwa mgonjwa, na Aprili nyingine umeme ulikatika, hizo mbili akaziondoa, maana haki ni haki hata inapouma. Zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe thelathini na moja, zilimwacha huru tangu tarehe tatu Januari. Bibi Utumishi alimletea habari mwenyewe, kwa miguu, mpaka kwenye mitambo, na wote wawili wakakumbatiana huku dishi likiendelea na kazi.

Siku ya kufungua shule nilimpeleka fundi mitambo kituoni alfajiri kama ilivyo desturi. Kisha Mkurugenzi akaniuliza kama matairi ya gari yana upepo. Nikasema yanao. Akasema hana uhakika, niende nikayapime, na kwamba amesikia kuna mahali pazuri pa kupimia karibu na ile shule ya msingi. Nikaenda kuyapima.

Nilimkuta fundi cherehani amesimama peke yake nje ya ukuta wa shule, akaja akaegemea gari langu. Sare alikuwa ameishona yeye, na kama kawaida yake ameiachia nafasi ya kukulia, mjukuu akawa anaogelea ndani yake. Mama Dakika Nne alikuwa amevaa nguo yake ya sherehe. Mkono wa kulia alimshika mjukuu, na binti yake alikuwa anakuja nyuma kidogo amebeba mkoba. Walivuka uwanja polepole katikati ya watoto wanaolia na wazazi wanaojifanya hawalii. Karibu na nusu ya uwanja nilimwona binti ameuhamishia mkoba begani, akasogea, akaushika mkono wa kushoto wa mama yake.

Kengele ikalia. Walipofika mlangoni mwa darasa mjukuu aliachia, akaingia bila kugeuka nyuma, hana habari na mtu. Binti hakuachia. Walibaki wamesimama pale mlangoni, watu wazima wawili wameshikana mikono, mpaka mwalimu akatoka kuwauliza kama wanahitaji msaada.

Fundi cherehani alikuwa anatazama viatu vyake. Aliniambia kwamba miaka yote aliyompeleka yule binti shule, siku ya kufungua mtoto hakukubali kushikwa mkono hata mara moja. Alitembea kando yake mikono ikiwa mfukoni mwa sare, na baba alipombembeleza alimjibu kwamba huo ni mkono wa mama, ataupa mama atakapokuja.

Mama Dakika Nne, wenzako wote, kuanzia getini mpaka ofisi kuu, tunakushukuru kwa kila pito ulilolisimamia, kwa ukali wako ulipohitajika na kwa subira yako na sisi tuliochelewa kuelewa. Tangu ulipotuachia kiti, mfululizo wako haujakatika. Fundi mitambo anakuhakikishia hilo na anaomba asisimame kulisema kwa sababu atalia. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha, na siku za kukaa na wako mpaka mchokane. Nenda kwa amani, mama yetu.